Taja Kasoro ya Bidhaa Yako Kabla Mteja Hajaigundua

Leo naomba nitofautiane na ushauri mmoja tunaopeana kila siku: "Usimtajie mteja kasoro ya bidhaa. Akiuliza ndo umjibu." Na mimi nimeufuata ushauri huo kwa miaka. Mwaka jana ulinipotezea wiki tano, ukaninyima usingizi, na nusura unifanye niuze kitu ambacho kingeweza kuua watu. Nilikuwa nauza mashua.

Najua wengi wenu mnauza magauni, simu, viatu vya mtumba, friji na makochi. Usinikimbie, biashara ni ile ile. Tofauti ni kwamba bidhaa yangu ilikuwa na urefu wa futi 24 na inaingia baharini ikiwa na watu ndani.

Mimi nipo Pangani, nauza samaki na pweza kwa oda. Mteja anaagiza WhatsApp, mzigo unapanda basi kwenda Tanga, Moshi au Arusha. Samaki wangu wengi walikuwa wanaletwa na mashua yetu inayoitwa Subira. Ilikuwa ya baba mdogo kwa zaidi ya miaka 20, akaniachia alipochoka na bahari. Chombo cha tanga, mlingoti mmoja, hakuna injini.

Subira imetulisha, siwezi kuisema vibaya. Lakini tanga linasubiri upepo, na basi halimsubiri mtu. Zile wiki za katikati, kaskazi imeisha na kusi bado haijashika, vijana walikuwa wanaingia ufukweni saa 4 asubuhi wakati basi limeondoka saa 12. Mimi nimemwahidi mtu wa Arusha pweza wa leo, pweza yupo, usafiri haupo. Mara mbili nimerudisha hela za wateja. Mara ya tatu mteja hakudai hata hela, alininyamazia tu na hajaagiza tena mpaka leo. Hapo nikaamua: Subira iuzwe, niongeze hela kidogo, nichukue boti ya faiba yenye injini.

Sasa sikiliza nilivyouza mara ya kwanza.

Subira ilikuwa na ugonjwa, na mimi nilikuwa naujua. Nyuma karibu na usukani, chini ya mstari wa maji, mbao mbili zilikuwa zimelainika. Ndani yake kulikuwa na taruma moja lenye ufa. Vijana walikuwa wanafua maji ya ngama mara nyingi kuliko zamani. Mmoja akaniambia, "Dada, tujaze gundi, tupige rangi mbili, hakuna atakayejua." Nikatoa 90,000 ya gundi na rangi ya bluu. Ikapendeza kweli. Nikasubiri jua la jioni, tanga limepandishwa, nikapiga picha nzuri ambazo sijawahi kupiga maishani. Nikaandika:

"Mashua inauzwa. Ipo kwenye hali nzuri sana, haidai chochote. Bei njoo inboksi."

Unaliona tangazo lako hapo? Mi naliona la watu wengi.

Bei niliyokuwa nayo kichwani ni 4,500,000. Nikiulizwa sasa hivi niliipata wapi, sina jibu. Nilikuwa nimeuza mashua pamoja na miaka 20 ya baba mdogo, na mnunuzi hana sababu ya kulipia kumbukumbu zangu. Watu wa ufukweni waliniambia mashua ya umri ule ikiwa nzima ni kama 4,000,000. Niliwaona hawajui thamani.

Zikaja meseji zaidi ya 70. "Bado ipo?" "Mwisho ngapi?" "Unachukua pikipiki?" Wiki tano najibu simu, samaki wananiharibikia mkononi. Waliokuja kuiona kwa macho ni watu watatu tu. Wa kwanza alizunguka, akabonyeza pale nyuma kwa kidole gumba, akasema atanipigia. Wa pili vivyo hivyo.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, mvuvi. Hakusema kitu. Alisubiri maji yatoke, mashua ikalala mchangani, akajilaza chini yake na kisu. Akawa anagonga ubao mmoja mmoja kwa mpini. Ko, ko, ko. Alipofika nyuma sauti ikabadilika, ikawa kama anagonga boga. Akageuza kisu, akachoma, ncha ikazama kwenye rangi yangu ya bluu.

Akainuka akakung'uta mchanga. Akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, kama hili umelificha, lipi lingine umelificha?"

Nikamwambia hakuna lingine. Na ilikuwa kweli, hakuna lingine. Lakini kwa nini aniamini? Akasema anaweza kutoa 2,000,000, si zaidi. Nikakataa, akaondoka.

Usiku ule nikapiga hesabu. Fundi alikuwa ameshaniambia kwamba kubadilisha zile mbao mbili na lile taruma, pamoja na kalafati na ufundi, ni 450,000. Basi mbona yule mzee kakata milioni mbili nzima kwenye bei ya chombo kizima? Kakatia nini?

Kakatia hofu. Asichokiona ndicho alichokipigia bei.

Hii ndo hoja yangu yote ya leo, ishike: kasoro uliyoificha mteja anaikata kwa bei ya hofu yake, na kasoro uliyoitaja mwenyewe anaikata kwa bei ya fundi. Bei ya fundi inajulikana. Hofu haina mwisho.

Lakini kuna jambo zito kuliko hela. Baba mdogo alisikia habari za kile kisu, akaja nyumbani. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, rangi haizuii maji." Halafu akauliza, "Angetokea mtu asiyejua kukagua, akanunua, akapakia vijana wake, kusi ikaanza. Wewe ungelala?"

Sikumjibu. Nilijua hata nilikuwa namtafuta nani kwenye lile tangazo. Nilikuwa namtafuta mtu asiyejua kukagua. Fikiria hilo kidogo. Ukificha kasoro, mteja unayemwomba Mungu akuletee ni yule mjinga kuliko wote. Mteja mwerevu, mwenye hela, anayeweza kurudi tena, huyo unamwogopa. Biashara gani hiyo ya kuwaogopa wateja wazuri?

Kesho yake nikafuta posti. Tukakwangua rangi yote ya pale nyuma. Nikamwita fundi aandike kwenye karatasi vitu vinavyotakiwa na gharama zake. Nikapiga picha ya ubao mbovu kwa karibu, bisibisi imechomekwa ndani ili mtu aone kina. Nikapiga picha ya tumbo lote la mashua ikiwa imelala, kwa sababu picha ya chombo kinachoelea haikuonyeshi unachonunua. Nikachukua video ya dakika mbili kuanzia mbele mpaka nyuma, bila muziki. Halafu nikaandika hivi:

"Mashua ya tanga inauzwa, Pangani. Futi 24. Tanga lina miaka miwili, mlingoti na foromali vizima, nanga na kamba vipo. KASORO: mbao mbili za nyuma chini ya maji zimeoza, taruma moja lina ufa. Angalia picha ya 3 na ya 4. Isiingie baharini kabla ya matengenezo haya. Fundi kakadiria 450,000, karatasi yake ipo picha ya 5. Ingekuwa nzima ningeiuza 4,000,000. Nauza 3,600,000, maongezi kidogo yapo. Sababu ya kuuza: nahitaji chombo cha injini kwa ajili ya oda za asubuhi. Nyaraka zipo. Njoo wakati wa bamvua uikague ikiwa nchi kavu, leta na fundi wako."

Rafiki yangu mmoja anayeuza vipodozi akanipigia: "Umechanganyikiwa? Umepiga picha ya uozo?"

Meseji zilipungua mno, hilo nakubali. Kutoka 70 zikawa kama 15. Lakini hizo 15 zilikuwa za watu. Hakuna aliyeuliza "bado ipo?" akapotea. Waliuliza mbao ni za mti gani, misumari ina hali gani, tanga ni kitambaa gani.

Siku ya nane akapiga baba mmoja wa Kipumbwi. Yeye hana shida na saa za basi, anapakia nazi na mihogo, upepo ukichelewa mihogo haiozi siku hiyo hiyo. Petroli ndiyo inayomuumiza. Chombo cha tanga kilikuwa kinamfaa kuliko kilivyonifaa mimi. Akaniuliza kama nina namba ya yule fundi. Nikampa. Wakaongea wenyewe. Jioni akanitumia 200,000 kwenye simu nisimpe mtu mwingine.

Huyu mtu hajawahi kuniona. Hajaiona mashua. Katuma hela. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, akasema, "Dada, ubaya wake nilikuwa nimeshauona. Nilibakisha kuja kuona uzuri."

Akaja bamvua ilipoingia, na fundi wake. Huku kwetu bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakitoka mashua inabaki wazi mpaka chini kwenye mkuku. Walikagua saa nzima. Fundi wake akakuta kile kile nilichoandika, hakuongeza hata kimoja. Akaomba nipunguze 150,000 ya kuifikisha Kipumbwi baada ya matengenezo ya dharura. Tukapeana mkono kwa 3,450,000. Tukaandikiana mkataba mbele ya mtendaji, mashahidi wawili kila upande, ile 200,000 ikatajwa ndani, nikamkabidhi nyaraka zote za usajili ili akabadilishe jina. Siku 11 tangu niweke posti mpya.

Linganisha. Kuficha: wiki tano, 90,000 ya rangi, ofa ya juu 2,000,000. Kutaja: siku 11, 3,450,000.

Tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeona kikuukuu nacho kinajiuza, ilimradi kimesemwa ukweli.

Haya, nikahamia upande wa pili wa meza. Sasa mimi ndo mnunuzi, natafuta boti ya faiba ya futi 20 hivi na injini ya farasi 15. Hapo ndo nilipoelewa kabisa kile kisu cha yule mzee.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na picha safi ajabu. Boti inang'aa, injini ina stika mpya. "Haidai." Nikafunga safari. Kabla hajaiwasha nikaweka kiganja kwenye injini. Ya moto. Saa 2 asubuhi, mimi ndo nimefika, yeye kashaiwasha kabla. Injini mbovu nyingi zikishapata moto zinawaka vizuri, tabu yao ni asubuhi zikiwa za baridi. Nikamwomba tusubiri ipoe, akasema ana haraka. Nikamwomba tufungue tuone oili ya gia, akasema haina haja. Oili hiyo ikiwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia. Inawezekana injini yake ilikuwa nzima kabisa. Sitajua. Niliondoka, na maneno ya yule mzee yalikuwa mdomoni mwangu: kama hili umelificha, lipi lingine?

Muuzaji wa pili alikuwa kijana wa Tanga. Video yake ilianza kwa nyuma ya boti, pale injini inapofungwa. Kwenye boti nyingi za faiba, ndani ya sehemu ile huwa kuna mbao iliyofunikwa, na maji yakipenya inaoza kimyakimya. Akagonga kwa nyundo ndogo mbele ya kamera, ukasikia upande mmoja unalia na mwingine umekufa. Akasema, "Hapa mbao imeanza kuoza, utaibadilisha, fundi anataka 350,000, nimeshaitoa kwenye bei." Halafu akaonyesha injini ikiwashwa ya baridi. Ikagoma mara mbili, ya tatu ikawaka, maji ya kupoza yakatoka vizuri. Hakukata zile mara mbili ilizogoma.

Nilinunua kwake. Na nikwambie ukweli, sikuomba punguzo kubwa. Nilikuwa na furaha kwamba nimepata mtu.

Sasa najua maswali yenu, maana niliyauliza mwenyewe.

"Nikitaja kasoro wateja watakimbia." Ndiyo, baadhi. Watakaokimbia ni wale ambao wangekimbia mlangoni, baada ya kula muda wako na nauli yao. Au wangenunua, wakakurudishia mzigo, wakakuandika vibaya kila grupu la mji.

"Atatumia kasoro hiyo kunikandamiza bei." Atajaribu. Ndo maana usitaje kasoro peke yake, itaje na gharama yake. Ukisema "kioo kina ufa" umemwachia yeye apange bei ya ufa. Ukisema "kioo kina ufa, kubadilisha ni 40,000, nimeshaitoa kwenye bei", mjadala umekwisha. Akitaka kukata 100,000 mwulize kioo gani hicho.

"Wenzangu wote wanaficha, nitaonekana bidhaa yangu ndo mbovu." Hapana, utaonekana wewe ndo umeangalia. Mnunuzi wa kitu kilichotumika anajua kuna kasoro. Hatafuti kisicho na kasoro, anatafuta muuzaji anayezijua zake.

Kwa hiyo kama unauza simu iliyotumika, weka picha ya ukurasa wa afya ya betri, hata kama ni asilimia 78. Unauza gauni la mtumba, piga picha ya kifungo kilichopotea na doa la kwapani. Unauza friji, sema mpira wa mlango umelegea, na mpira mpya ni shilingi ngapi. Kochi, onyesha chini yake. Na uzuri wake pia uutaje, usije ukajiuza vibaya kwa kujifanya mkweli sana. Mimi niliandika tanga lina miaka miwili kabla sijaandika uozo.

Na weka bei kwenye posti. "Njoo inboksi" ni kuficha pia. Mteja anajiuliza kama unaangalia sura yake kwanza ndo upange.

Lakini kuna mpaka mmoja ambao sitanii nao. Kuna kasoro ambazo si za kupunguza bei. Jiko la gesi linalovuja, chaja inayoungua, breki za pikipiki, ubao uliooza chini ya maji. Hizo mteja akikosa kuziona hatoi machozi ya hela tu. Tengeneza kwanza, au uza kama kitu kibovu na uandike kwa herufi kubwa kisitumike mpaka kitengenezwe. Yule baba wa Kipumbwi aliondoka na Subira maji yametulia, mbao zimezibwa kwa muda, fundi yumo ndani, wanaambaa na ufuko. Alijua kila kitu alichokuwa anakalia. Hiyo ndo haki yake ya kwanza kama mteja, kabla hata ya risiti.

Mwezi uliopita alinitumia picha. Mbao mbili mpya nyuma, nyeupe, hajazipaka hata rangi, zimekaa katikati ya bluu yangu. Baba mdogo aliiangalia muda mrefu, akasema fundi kafanya kazi. Wiki iliyofuata simu ikaingia kutoka namba nisiyoijua, mtu anataka kilo 10 za pweza. Nikamuuliza kanipata wapi. "Kuna mzee Kipumbwi kasema wewe ukisema pweza ni wa leo, basi ni wa leo."

Na boti mpya iliwahi basi.

Leo kabla hujalala, fungua ukurasa wako, chagua posti moja ya kitu kilichokaa muda mrefu bila kuuzika. Ongeza mstari mmoja wa kasoro na gharama yake. Iache siku 10, halafu njoo utuambie hapa kilichotokea, hata kama nimekukosesha mteja.